Namna ya Kuendesha Mjadala Kuhusu Jehanamu kwa Watu wa Dini Mbalimbali

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu, kiongozi wa vijana au mkazi yeyote wa Bagamoyo anayetaka kuwakutanisha Waislamu na Wakristo, na ikiwezekana watu wa imani nyingine, ili waelezane dini zao zinafundisha nini kuhusu Jehanamu. Mji wetu una historia inayoifaa kazi hiyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao hapa mwaka 1868, na baadaye tarika (njia ya Kisufi) ya Kadiria ilishika mizizi mjini chini ya Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kama Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Hata hivyo, kijana wa Bagamoyo anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuwahi kumsikia mwenzake wa dini nyingine akieleza kwa utulivu anachoamini kuhusu adhabu baada ya kifo, kwa sababu kipindi cha dini kikifika darasa hugawanyika, na kila kundi huenda kwa mwalimu wake.

Shauri langu kuu ni kwamba usianze na moto. Washiriki wakianza na moto watakubaliana kwa dakika chache kuwa Jehanamu inatisha, kisha wataanza kuulizana nani ataingia, na hapo mjadala utakuwa umegeuka malumbano. Anza na kaburi, yaani kipindi kilicho kati ya kifo na hukumu. Halafu uliza adhabu inadumu kwa muda gani, na kama aliyeingia anaweza kutoka. Ukifuata mpangilio huo, washiriki watagundua wenyewe jambo ambalo wengi hawalitarajii: katika masuala haya tofauti kubwa mara nyingi haziko kati ya msikiti na kanisa, bali zimo ndani ya msikiti na ndani ya kanisa.

Wasemaji, mahali na siku

Tafuta mahali ambapo hakuna upande utakaojiona mgeni, kama vile ukumbi wa shule au ofisi ya serikali ya mtaa. Ijumaa haifai kwa sababu ya sala ya Ijumaa, Jumamosi haifai kwa sababu ya Waadventista Wasabato, na Jumapili inajulikana. Chagua siku nyingine, baada ya sala ya Alasiri, na uhakikishe mnamaliza kabla ya Magharibi. Saa moja na nusu inatosha kwa kikao cha kwanza.

Kwa kila dini alika angalau wasemaji wawili wa madhehebu au mielekeo tofauti. Ukimwalika sheikh mmoja na mchungaji mmoja utakuwa umetengeneza pambano, hata kama wote wawili ni watu wapole. Ukiwaalika mfuasi wa tarika pamoja na mtu wa Ansari Suna, kundi linalopinga desturi nyingi za tarika, na padre wa Kikatoliki pamoja na mchungaji wa Kilutheri au wa Kisabato, kila msemaji atalazimika kueleza msimamo wake kwa uangalifu, kwa kuwa ameketi karibu na mwenziwe anayezijua aya zote anazozitaja.

Weka sharti moja lisilo na msamaha: kila mtu ataeleza dini yake tu, kutoka katika kitabu chake tu. Watu wazima wanaikumbuka mihadhara ya viwanjani ya miaka ya 1980 na 1990, ambapo msemaji alikishika kitabu cha wenzake ili awabane nacho. Wasikilizaji waliondoka wakiwa na hasira, na wachache sana walijifunza chochote. Siku kadhaa kabla ya kikao mtembelee kila msemaji, mpe maswali kwa maandishi, na mkubaliane ni aya zipi atakazozisoma. Msemaji anayekataa kuona maswali mapema kwa hoja kwamba dini haina maandalizi ni afadhali umshukuru na kumwacha.

Swali la kwanza: nini hutokea kaburini?

Kwa upande wa Uislamu, mwombe msemaji aanze na barzakhi, kizuizi kinachotajwa katika aya ya 100 ya sura ya 23 ya Kurani, ambacho wafu wamo nyuma yake mpaka siku ya kufufuliwa. Kisha aeleze maswali ya kaburini na malaika wawili, Munkari na Nakiri, ambao majina yao yanatokana na hadithi za Mtume na si na Kurani. Baada ya hapo uliza kuhusu talakini, yaani maneno anayosomewa maiti baada ya kuzikwa ili akumbushwe majibu atakayowapa malaika hao. Kwa wafuasi wengi wa madhehebu ya Shafii katika pwani yetu hilo ni jambo la kawaida pamoja na hitima, yaani kisomo cha Kurani kwa ajili ya marehemu, na visomo vingine vya kumrehemu marehemu, ilhali Ansari Suna husema kuwa talakini na hitima hazina dalili sahihi na kwamba ni uzushi katika dini. Waache wote wawili waseme hadi mwisho, na usiamue.

Ukiwageukia Wakristo kwa swali hilohilo utaona mjadala unaofanana kwa umbo. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba kila mtu anahukumiwa mara tu anapokufa, na kwamba waliokufa katika urafiki na Mungu lakini bado hawajatakasika kabisa wanapitia toharani, ambako wanaweza kusaidiwa na sala za walio hai. Ndiyo maana Misa huadhimishwa kwa ajili ya marehemu wote tarehe 2 Novemba. Mtaguso wa Trent, uliofanyika kati ya mwaka 1545 na 1563, uliyathibitisha mafundisho hayo dhidi ya wanamatengenezo wa Kiprotestanti. Walutheri na Waanglikana hawaikubali toharani, na hata andiko linalotegemewa zaidi, sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, limo katika kitabu ambacho hawakihesabu kuwa na mamlaka sawa na Maandiko mengine. Wasabato huenda mbali zaidi: wao hushikilia Mhubiri 9:5 na kufundisha kwamba wafu hawajui lolote, wamelala mpaka ufufuo, hivyo kwa sasa hakuna mtu anayeteseka popote.

Hapa ndipo msemaji mmoja atakapoutaja mfano wa tajiri na Lazaro katika sura ya 16 ya Injili ya Luka, ambamo tajiri anateseka motoni huku ndugu zake bado wako hai duniani. Waombe Wakristo wenyewe waeleze kama wanausoma kuwa ni habari ya tukio au ni mfano wenye fundisho, maana jibu la swali la kaburi linategemea sana hilo. Waeleze pia washiriki kwamba Biblia ya Kiswahili ya Union hutofautisha kuzimu, makao ya wafu kwa jumla, na jehanum, mahali pa adhabu. Tajiri yule anasemwa kuwa kuzimu. Ukiacha jambo hilo bila kuelezwa, watu watabishana nusu saa nzima kuhusu vitu viwili wakidhani ni kimoja.

Baada ya pande zote kusema, andika ubaoni swali moja: je, walio hai wanaweza kumsaidia aliyekufa? Kisha uwaombe wasemaji wapige mstari chini ya majibu yao. Mtu wa tarika na padre watajikuta upande wa ndiyo, kila mmoja kwa sababu zake. Mchungaji wa Kilutheri atakuwa upande wa hapana, na mtu wa Ansari Suna atakubali dua na sadaka lakini atazikataa ibada nyingi ambazo jirani yake wa msikitini anazifanya. Sijui njia bora kuliko hii ya kuwaonyesha vijana kwamba dini si ukuta mmoja ulionyooka.

Ni vizuri pia kumwalika mzee anayezijua mila za Wakwere, Wazaramo, Wadoe au Wazigua, hata kama yeye mwenyewe ni Mwislamu au Mkristo, na mara nyingi atakuwa hivyo. John Mbiti, mwanazuoni Mkenya na padre wa Kianglikana, aliandika kwamba jamii nyingi za Kiafrika hazikuwa na mategemeo ya hukumu wala thawabu baada ya kifo. Wafu walibaki karibu na ukoo wao, na makosa yalilipwa hapahapa duniani kwa maradhi, ukame au ugomvi wa ndugu. Mzee anaweza kueleza matambiko yalifanywa kwa ajili gani na mizimu ilikasirishwa na nini. Mpe nafasi yake kamili, wala usimruhusu mtu amkatize kwa kusema kuwa hayo ni ushirikina, kwa sababu kikao hiki si cha kutoa fatwa.

Swali la pili: adhabu inadumu kwa muda gani?

Sehemu hii ndiyo yenye utajiri mwingi zaidi, na inafaa ipewe muda mrefu kuliko nyingine zote.

Msimamo wa wanazuoni wengi wa Kisuni ni kwamba Mwislamu aliyekufa na dhambi kubwa bila kutubu yuko katika matakwa ya Mwenyezi Mungu: anaweza kusamehewa, au anaweza kuadhibiwa kisha akatolewa kwa shafaa (uombezi) na rehema, kwa kuwa hadithi sahihi zinasema kwamba atatolewa motoni hata mwenye imani iliyo ndogo mno moyoni mwake. Kwa aliyekufa katika ukafiri baada ya kufikiwa na ujumbe, adhabu ni ya milele. Waibadhi, ambao ndio madhehebu ya masultani wa Oman waliotawala pwani hii katika karne ya 19, wanafundisha tofauti: anayeingia motoni hatoki, hata kama alikuwa Mwislamu, ikiwa alikufa akiwa ameng'ang'ania dhambi kubwa bila toba. Kwa hiyo wakati wa misafara ya pembe na watumwa, liwali wa Sultani na maamuma wengi wa Kishafii mjini waliweza kuwa na majibu mawili juu ya hatima ya Mwislamu mwenye dhambi. Mwanazuoni Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alijadili hata uwezekano wa Moto wenyewe kufikia mwisho, akitazama aya ya 107 ya sura ya 11, ambayo baada ya kutaja kudumu humo inaongeza maneno ya isipokuwa apendavyo Mola wako. Wanazuoni wengi hawakuikubali rai hiyo, lakini ilijadiliwa kwa hoja.

Kwa Wakristo, andiko la kusomwa kwanza ni Mathayo 25:46, linaloweka adhabu ya milele sambamba na uzima wa milele. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inasema kwamba Jehanamu ipo, ni ya milele, na adhabu yake kuu ni kutengwa na Mungu, jambo ambalo mtu hulichagua mwenyewe kwa hiari yake. Wasabato hulisoma andiko hilohilo kwa namna nyingine: kwao waovu wataangamizwa kabisa katika kile ambacho Ufunuo 20:14 unakiita mauti ya pili, na kinachodumu milele ni matokeo, si mateso. Katika karne ya 3, mwanateolojia Origenes wa Aleksandria aliwaza kwamba mwishowe viumbe wote wangeweza kurejezwa kwa Mungu. Mafundisho yanayohusishwa naye yalilaaniwa mwaka 553, lakini Gregori wa Nyssa, aliyekuwa na mawazo yanayokaribiana na hayo, ameendelea kuheshimiwa kama mtakatifu.

Katika hatua hii mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, atasema kwamba toharani ya Wakatoliki na kutolewa motoni kwa Mwislamu mwenye dhambi ni jambo lilelile. Usikubali ulinganisho huo upite bila kuchunguzwa. Aliye toharani, kwa mafundisho ya Kikatoliki, tayari ameokoka na hakuingia Jehanamu hata kidogo. Mwislamu anayetolewa kwa shafaa alikuwa ndani ya Moto wenyewe. Kinachofanana ni tumaini la kutakasika baada ya kifo. Mahali na hukumu ni vitu tofauti. Mwendeshaji akilitenganisha jambo hili vizuri mara moja, washiriki watajifunza kuwa waangalifu katika malinganisho yote yanayofuata.

Dini ambazo hazina msemaji ukumbini zieleze wewe mwenyewe kwa ufupi, na useme wazi kwamba unasoma kwa niaba yao. Anza na Wayahudi, kwa kuwa jina la Jehanamu linatokana na Bonde la Hinomu, lililo kusini mwa Yerusalemu ya kale, ambako Yeremia 7:31 inalaumu kuchomwa kwa watoto kama sadaka. Maelezo yaliyoenea sana kwamba bonde hilo lilikuwa jaa la taka linalowaka siku zote hayana ushahidi wa kale. Yanajulikana kutoka kwa mfasiri wa Kiyahudi David Kimhi wa zama za kati, kwa hiyo msemaji akiyatoa kama jambo lililothibitishwa, mrekebishe kwa adabu. Jambo muhimu zaidi ni muda: Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema kwamba hukumu ya waovu katika Gehinomu ni miezi 12. Kwa sababu hiyo, mtoto anayeomboleza mzazi wake husoma Kadishi, sala ya maombolezo, kwa miezi 11, ili asionekane anamhesabu mzazi wake miongoni mwa waovu waliohitaji miezi yote 12. Washiriki wetu, waliozoea matanga na arobaini, huielewa desturi hiyo haraka sana.

Wafarisi, wafuasi wa Zarathustra, wanafundisha kuwa roho huvuka daraja la Chinvat na kwamba mwisho wa nyakati ulimwengu wote utatakaswa, na adhabu itakoma. Waislamu watalikumbuka daraja la Sirati, linalopita juu ya Moto. Waache walikumbuke, lakini usiwaruhusu watumie muda wa kikao kubishania nani alianza.

Kwa Wahindu na Wabudha utaratibu ni wa namna nyingine kabisa. Naraka ya Kihindu ni mahali ambapo matendo mabaya hulipwa kabla ya kuzaliwa upya, chini ya Yama, mfalme wa wafu, na karani wake Chitragupta anayeandika matendo ya kila mtu. Bhagavata Purana inataja naraka 28, kila moja na kosa lake. Hakuna iliyo ya milele. Katika mafundisho ya Kibudha yaliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, Yama humwuliza aliyeletwa mbele yake kama hakuwahi kumwona mzee, mgonjwa na maiti, yaani wajumbe waliotumwa kumwonya, kisha humwambia kwamba matendo yale aliyatenda yeye mwenyewe, si mama yake wala baba yake wala ndugu zake. Muda wa Avichi, iliyo chini kuliko zote, ni mrefu kupita kiasi, lakini nao una mwisho. Ukitaka wasemaji wa kweli wa dini hizi, Dar es Salaam iko umbali wa takribani kilomita 70, na mahekalu ya Kihindu ya Kisutu yanajulikana na madereva wote.

Sasa ndipo moto

Baada ya maswali mawili hayo, picha za moto zinaweza kuzungumzwa bila madhara, nazo hazihitaji muda mrefu. Waislamu watataja milango saba ya Jahanamu katika sura ya 15 aya ya 44, walinzi kumi na tisa wa sura ya 74, mti wa zakumu ulio chakula cha watu wa motoni, na ngozi zinazobadilishwa kila zinapoungua katika sura ya 4 aya ya 56. Wakristo watataja funza asiyekufa wa Marko 9:48, maneno yanayotoka katika mstari wa mwisho wa Isaya. Uliza kama kuna anayejua habari za adhabu ya baridi, kwa kuwa wengi wetu tuliokulia katika joto la pwani hatuifikirii kabisa: hadithi inataja Moto kuwa na pumzi mbili, ya kiangazi na ya baridi kali; Wabudha wengi huhesabu naraka nane za moto na nane za baridi; na Dante, mshairi wa Kiitalia aliyefariki mwaka 1321, alimweka Shetani ndani ya barafu. Huyo Dante ndiye chanzo cha picha nyingi ambazo Wakristo hudhani zimo katika Biblia, kwa hiyo kila picha inapotajwa uliza imeandikwa wapi.

Jiandae pia kwa simu. Karibu kila kikundi kina mtu mwenye sauti inayosambazwa kwa WhatsApp, inayodaiwa kuwa vilio vya watu wa Jehanamu vilivyorekodiwa na wachimbaji wa Kirusi waliochimba shimo refu mno Siberia. Shimo refu lipo kweli, lakini liko katika rasi ya Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi. Lilifikia kina cha mita 12,262 mwaka 1989, na kilichowazuia wachimbaji ni joto la miamba, takribani nyuzi 180 za Selsiasi, lililofanya kazi isiwezekane. Habari ya vilio ni uzushi. Liseme hilo kwa sentensi mbili, kisha endelea. Imani ya mtu yeyote mle ukumbini haiitegemei sauti hiyo.

Swali litakaloulizwa hata ukilikataza

Mtu atauliza: je, jirani yangu wa dini nyingine ataingia motoni? Usimnyamazishe, lakini ligeuze swali liwe: dini yako inakuruhusu kumhukumu mtu aliyetajwa kwa jina? Kurani, sura ya 17 aya ya 15, inasema kwamba Mwenyezi Mungu haadhibu mpaka apeleke mtume, na mwanazuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwahesabu wasiofikiwa na ujumbe sahihi kuwa na udhuru. Wanazuoni wa itikadi ya Kisuni hawamshuhudii mtu fulani kuwa ni wa Moto isipokuwa aliyetajwa na dalili. Kanisa Katoliki halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko Jehanamu, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulisema kuwa wasioijua Injili bila kosa lao wenyewe, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kuupata wokovu. Wako Wakristo na Waislamu wenye msimamo mkali zaidi ya huo, nao wana haki ya kuusema, mradi wautoe kama fundisho na si kama kidole kilichomwelekea aliyeketi mbele yao.

Kabla ya siku yenyewe ulizia mtaani kama kuna mshiriki aliyefiwa karibuni. Akiwepo, mweleze mapema mada ni ipi na umwachie uamuzi wa kuja au kutokuja. Na kama msiba uko jirani na ukumbi, ahirisha kikao kwa wiki moja. Watoto wa shule ya msingi wasiwemo, kwa kuwa mjadala huu unahitaji mtu anayeweza kusikia rai tatu zinazopingana bila kwenda nazo kitandani. Mwishoni kusanya karatasi za maswali ambayo hayakujibiwa, uwape wasemaji wakajibu kwa maandishi, kisha upange tarehe ya kikao cha pili kuhusu toba, kwa sababu maswali mengi yatakayobaki yatakuwa yanahusu toba kuliko adhabu.